Saa Kumi na Nusu Ukambani

Saa kumi na nusu jioni ndiyo saa inayongojwa kuliko zote katika ofisi za Kenya. Mwaka 1974 mwandishi mmoja mzaliwa wa Kilungu, milima ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni, aliipandisha saa hiyo hadhi ikawa jina la kitabu: After 4:30. David Maillu alikuwa amefanya kazi ya uchoraji katika Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa. Kwa mtu aliyezaliwa kijijini mwaka 1939, dawati katika jengo la serikali jijini Nairobi lilikuwa jambo la kuchinjiwa mbuzi. Aliliacha. Mwaka 1972 alianzisha kampuni yake ya kuchapisha vitabu, Comb Books, akaanza kuwaandikia watu wa madawati.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vyembamba na vya bei nafuu. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle vilitoka 1973. Katika cha kwanza mtumishi wa serikali anautafuna mshahara kwa pombe na wanawake mpaka anajiua. Katika cha pili mlevi anazungumza na chupa yake. Katika After 4:30 kuna mwanamke mpiga taipu, na kuna mkubwa wake anayengoja wengine waondoke. Wasomi wa vyuo vikuu walivikejeli, Tanzania ikavipiga marufuku, na wasomaji wakavinunua kwa wingi.

Mimi huvisoma vitabu hivyo kama taarifa za kazi. Ukiviondolea matusi na vitanda, kinachobaki ni watu waliochoshwa na ajira lakini hawawezi kuiacha, kwa sababu mshahara ulishaliwa kabla haujafika. Maillu aliondoka, wahusika wake walibaki. Na tusimpambe kupita kiasi: Comb Books ilianguka kabla muongo ule haujaisha, ikambidi aanze tena na kampuni nyingine. Alibaki mwandishi, lakini njia haikunyooka hata siku moja.

Nimemtanguliza Maillu kwa sababu suala la kuacha kazi isiyoridhisha limegeuzwa biashara mjini. Kuna wasemaji wanaokodi kumbi za hoteli, wanatoza kiingilio, na kuwaambia watu wafuate mioyo yao. Kila mmoja ana kisa cha meneja wa benki aliyetupa tai na leo anauza parachichi Ulaya. Ni visa vitamu. Havisemi lolote juu ya wale waliotupa tai na sasa wanaitafuta. Na ukivipeleka Kitui au Makueni, huku Ukambani, hadhira ya huko itauliza swali ambalo msemaji hakuliandaa: mvua ikikosa?

Swali hilo si la woga. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei, ambayo sehemu nyingine za nchi ndiyo uhai wao, hapa ni bahati nasibu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya maana katika sehemu kame za Kenya. Mtu wa Kyuso au Mutomo, kule Kitui, hakuhitaji idara ya hali ya hewa kumwambia. Alihesabu mbuzi.

Ndiyo maana kazi, kwa wengi wa huku, haikuwahi kuwa moja. Karne ya kumi na tisa Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa, chumvi na shanga. Kivoi wa Mwendwa, mkuu wa misafara aliyekaa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya mwezi Desemba 1849. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba njaa ilikuwa mwalimu wa biashara hiyo: shamba likigoma, watu walitoka kutafuta chakula, na waliokwenda kutafuta chakula walijifunza njia. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya mwisho ya 1890, ile ambayo wazee waliiita Ngomanisye, na pamoja nayo reli, serikali ya kikoloni, na aina mpya ya kazi yenye malipo ya kila mwezi.

Mwaka 1938 Waingereza waliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu kutoka Machakos, wilaya ambayo Makueni ilimegwa kwayo mwaka 1992, wakatembea hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Serikali ilirudi nyuma, lakini Mbingu mwenyewe ilimpeleka kifungoni Lamu. Miaka michache tu baadaye vijana wa jamii iyo hiyo walikuwa wamejaa katika jeshi la King's African Rifles kuliko karibu jamii nyingine yoyote ya Kenya. Waingereza walijisifu kwamba wamegundua kabila la mashujaa. Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi: jeshi lililipa, na pesa za jeshi zilifika nyumbani hata mwaka ambao mahindi hayakufika.

Tangu hapo mshahara umekuwa ghala. Mtoto mmoja polisi, mwingine mwalimu, wa tatu soja wa kulinda lango la tajiri kule Nairobi, wa nne dereva wa lori la Mombasa. Siku hizi binti mmoja yuko Riyadh au Doha akifanya kazi za nyumbani. Kila mmoja ameweka fungu lake la nafaka. Unapomwambia mtu kama huyo aache kazi kwa kuwa haimpi raha moyoni, unamwambia abomoe ghala ambalo mama yake, wadogo zake na watoto wa marehemu kaka yake wanachota humo. Anaweza kuichukia kazi hiyo kila asubuhi na bado akawa na akili timamu anapoipigia saluti.

Serikali nayo iliuamini mshahara. Waziri wa Kazi katika serikali ya Jomo Kenyatta alikuwa mwana wa Kitui, Eliud Ngala Mwendwa. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa pande tatu: sekta binafsi iongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama viache kudai nyongeza kwa muda. Watu walifurika kujiandikisha, wengi kuliko nafasi. Kenya huru ilianza safari ikiamini kwamba kazi maana yake ni kuajiriwa. Miaka minane baadaye ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja kuisoma nchi, na taarifa yao ya 1972 ikaieleza dunia kuhusu maelfu ya watu waliokuwa wakijipatia riziki nje ya ajira rasmi, wale ambao sisi tungewaita jua kali. Mama wa Kitui aliyekuwa akisuka viondo vya mkonge huku akichunga mbuzi na kuuza kunde hakujua kwamba amegunduliwa.

Sasa tuingie kwenye chumba cha walimu, kwa kuwa ualimu ndio ajira rasmi iliyoenea zaidi vijijini Kitui na Makueni, na hapo ndipo utakapokutana na wengi ambao wangependa kuondoka.

Kinachowazuia si ukosefu wa ndoto. Ni hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani mfanyakazi lazima abaki na theluthi moja mkononi. Sheria iliwekwa iwe kinga. Imekuwa shabaha: wengi hukopa mpaka wafike pale pale ambapo sheria inawasimamisha. Mkopo wa kununua kiwanja Wote, mkopo wa karo ya chuo kikuu, mkopo wa kumalizia mkopo. Juu yake kuna asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii.

Mkopo wa Sacco, chama cha akiba na mikopo, zaidi ya hayo, unadhaminiwa na wenzako. Hili wasemaji wa hotelini hawaligusi kabisa, nami naona ndilo kiini. Mwalimu wa Migwani akiandika barua ya kuacha kazi, makato yanakoma mwezi huo huo, na Sacco ikishindwa kumpata inageukia akiba za waliomtilia sahihi. Hao ni mwalimu wa hisabati anayekaa meza ya pili, naibu mwalimu mkuu, na yule bibi wa darasa la kwanza aliyebakisha miaka miwili astaafu. Barua anaiandika mmoja, lakini inawatoa jasho watatu. Nimesikia watu wakiwaita walimu wa aina hii waoga. Mtu anayekataa kula akiba ya mwenzake ana jina jingine.

Yapo mambo ambayo sheria inayaruhusu na ambayo wengi hawayatumii. Mtumishi wa umma aliyefikisha umri wa miaka 50, mwenye utumishi wa miaka 10 au zaidi, anaweza kuomba kustaafu mapema na pensheni yake, ingawa umri wa lazima ni 60 tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Na tangu Januari 2021 watumishi wa serikali waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya wa kuchangia: mfanyakazi asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, mwajiri asilimia 15. Chini ya utaratibu wa zamani aliyeondoka mapema aliacha mengi nyuma. Chini ya huu, michango iko kwa jina lake. Katika sekta binafsi, anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa ilani ya siku 28, na mwajiri anapaswa kumpa cheti cha utumishi hata kama wameachana kwa kununiana. Mambo haya hayana mvuto wa jukwaani. Lakini ukiniuliza mtu anayetaka kuondoka aanze wapi, nitamwambia aanze hapo, na moyo aufuate baadaye.

Kuna waliotolewa bila kuulizwa. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yote hayakurejea mpaka Januari 2021. Walimu wa serikali waliendelea kulipwa. Wa shule za kibinafsi, wengi wao, hawakupata hata senti. Wakaingia kwenye bodaboda, wakauza sukuma wiki, wakafuga kuku wa kienyeji ambao Nairobi haiwashibi. Shule zilipofunguliwa baadhi hawakurudi. Haikuwa ushujaa, walipiga hesabu tu wakaona kuku wanalipa sawa na mwenye shule, na kuku hawakuitishi mikutano Jumamosi. Halafu linganisha na walimu vijana wa sekondari msingi walioajiriwa 2023 kwa mkataba wa mafunzo kazini, wakipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na ambao mwaka uliofuata walijaa barabarani wakidai ajira ya kudumu. Kundi moja linatoka mlango wa nyuma na jingine linagonga mlango wa mbele. Si ajabu wakiwa wamesoma chuo kimoja.

Wengi, hata hivyo, hawatoki wala hawabaki. Wanaondoka nusu. Jumatatu hadi Ijumaa ni mwalimu au karani wa kaunti. Jumamosi yuko shambani Kathonzweni na buti za mpira. Mke anasimamia mashine ya kusaga, shemeji anaendesha bodaboda kwa mkataba, na chini ya miembe kuna mizinga. Mpango huu una sura nzuri na sura mbaya. Mbaya ni ile ya darasani: mtu ambaye moyo wake ulishahamia shambani, lakini mwili bado unashika chaki, anawagharimu watoto arobaini kwa kila saa anayopokea simu ya dalali wa maembe. Huko mjini huitwa kujipanga. Mzazi wa mtoto wa darasa hilo ana jina lake kwa jambo hilo, na halichapishiki.

Nikiwa nimefika hapa, naona tunakosea tunapodhani kwamba kazi isiyoridhisha ni ya wenye ofisi tu. Barabara ya Thika kwenda Garissa inapokata Kitui, na njia za vumbi za kusini kuelekea Ikutha, zimelisha makaa Nairobi kwa miaka mingi. Kuchoma makaa ni kazi. Unakata mgunga, unaukatakata magogo, unayapanga, unayafunika kwa nyasi na udongo, unawasha, kisha unalinda tanuru usiku na mchana kwa siku kadhaa. Moshi ukibadilika rangi lazima ujue maana yake; udongo ukipasuka hewa huingia, na jasho lote linageuka jivu. Kwa matanuru ya udongo, sehemu kubwa ya mti hupotea angani kabla gunia moja halijajaa. Faida inabaki kwa mwenye lori na kwa muuzaji wa jijini; mchomaji hubaki na kikohozi. Sijawahi kusikia mtu akimtamania mwanawe kazi hiyo.

Januari 2018 gavana wa Kitui, Charity Ngilu, alipiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti. Lori lililobeba makaa likachomwa, wafanyabiashara wa Limuru wakaandamana, na mwezi uliofuata serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji wa miti nchini, marufuku iliyodumu hadi 2023. Ngilu mwenyewe, mzaliwa wa Mbooni, anaijua safari ya kubadilisha kazi: alianza kama mwandishi mahsusi katika Benki Kuu ya Kenya, akaingia biashara ya mikate na ya plastiki, akawa mbunge 1992 na miaka mitano baadaye akagombea urais. Angeweza kuwa mhusika wa Maillu; alikataa. Lakini yeye aliondoka kwa hiari yake, hatua kwa hatua, kila mara akiwa na pa kukanyaga. Mchoma makaa wa Mutha, huko Kitui, aliambiwa aache kwa tangazo.

Simtetei mchoma makaa. Mgunga ule ule uliokatwa mara moja ungechanua kila mwaka, na asali ya Kitui na Mwingi imejengewa jina na maua ya miti kama hiyo. Hesabu ya muda mrefu iko wazi, na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilifanya kazi miaka mingi na wafugaji wa nyuki wa Mwingi kuithibitisha. Tatizo liko katika muda mfupi. Mzinga hauwezi kuhamia sokoni leo jioni, na ukame ukija nyuki huhama kabla ya watu. Kaunti ilijaribu kufungua milango mingine: ilihimiza ndengu, zao linalokomaa upesi na kustahimili kiu, ikagawa mbegu kwa kaya nyingi, ikafungua kiwanda cha kushona nguo, KICOTEC, pale Syongila, ambacho mwaka 2020 kiligeukia barakoa na kuwapa kazi mamia ya vijana, wengi wao wasichana waliosomea cherehani katika vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini msichana wa cherehani na mchoma makaa wa umri wa miaka 45 si mtu mmoja. Mlango uliofunguliwa Syongila haukuwa mbele ya yule aliyefungiwa Mutha.

Mchanga ni kisa cha karibu na hicho, na pengine kibaya zaidi, maana hapo kazi ya mtu mmoja ni kiu ya mwingine. Mito ya Ukambani ni ya msimu. Mvua ikinyesha inafurika kwa saa chache, kisha unabaki mkondo wa mchanga mkavu. Lakini chini ya mchanga huo kuna maji, yamejificha kati ya chembe mahali jua haliwezi kuyafikia. Wanawake wa huku wamejua kuyachimba tangu enzi za Kivoi. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mkondo mahali penye mwamba, mafuriko ya msimu baada ya msimu hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na theluthi moja hivi ya ujazo huo inaweza kuwa maji. Vijana wanaopakia mchanga kwenye malori usiku hupakia tangi la kijiji. Wanalijua hilo, visima vya mama zao viko mto huo huo. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, ya kwanza ya aina hiyo nchini, na angalau pale palikuwa na jaribio la kuupa mchanga bei, vibali na mipaka badala ya kupiga kelele tu.

Na ni mchanga huu uliomvuta mmoja wa wasomi wetu nje ya chuo. Gideon-Cyrus Mutiso alifundisha siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaandika vitabu katika miaka ya 1970 juu ya siasa za Kenya na juu ya mawazo ya kijamii katika fasihi ya Kiafrika. Angeweza kuzeeka katika makongamano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SASOL, shirika lililojenga mabwawa ya mchanga Kitui, moja baada ya jingine katika mito ile ile, mpaka yakawa mamia. Wanakijiji walileta mawe, mchanga na mikono yao kwa utaratibu wa mwethya, kazi ya ushirika ambayo Wakamba walikuwa nayo kabla ya serikali yoyote. Shirika likaleta saruji na mafundi. Najua wasomi waliodhani amepotea. Binafsi naona kitu kingine: hakuacha alichokijua. Swali la nani ana nguvu, nani anaamua na nani anabeba mawe ni swali la siasa, liwe ukumbini au mtoni.

Ndivyo ilivyo pia kwa Kivutha Kibwana, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria katika chuo hicho hicho. Aliingia katika harakati za katiba miaka ya 1990, akawa mbunge 2002, waziri, na gavana wa kwanza wa Makueni kuanzia 2013 hadi 2022. Mwaka huo aligombea useneti wa Makueni akashindwa. Watu humtaja kwa bima ya afya ya kaunti na kwa mikutano ya wananchi kuamua miradi yao. Mimi nitamtaja hapa kwa maembe, kwa sababu maembe ndiyo mlango ambao watu wa Makueni wa mishahara hutazama kila wanapofikiria kuondoka.

Makueni ni nchi ya maembe ya aina ya Apple, Kent na Tommy Atkins, na ya machungwa yanayofika hadi masoko ya Mombasa. Mti unapenda joto, haudai mvua nyingi, na shamba la mtu wa Nairobi linaweza kusimamiwa na ndugu. Ndiyo sifa. Balaa ni kwamba maembe yote huiva pamoja, kati ya Desemba na Machi, na dalali hulijua hilo vizuri kuliko mkulima. Anafika shambani wakati tunda haliwezi kungoja, anataja bei, anawasha injini. Kuna inzi wa matunda aliyegunduliwa nchini mwaka 2003, ambaye alisababisha Kenya ijizuie yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014. Soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021, baada ya wakulima wa Makueni kufundishwa mitego na usafi wa mashamba mpaka eneo lao likatambuliwa kuwa na inzi wachache. Kiwanda cha kaunti kule Kalamba, kilichojengwa enzi za Kibwana, hukamua maembe yaliyoiva kuwa rojo la kuuziwa watengenezaji wa juisi. Hakikuondoa madalali. Kimempa mkulima mahali pa pili pa kupeleka tunda, na aliyewahi kuuza akiwa na mahali pa pili anajua tofauti yake.

Aliyeacha kazi Nairobi na kuja kuyategemea maembe peke yake katika miaka ile ya marufuku alikutana na yote haya mara moja. Bado yeye alikuwa na mti. Kuna waliokuja na kware. Wasomaji watakumbuka 2013 na 2014, nchi nzima ilipoambiwa kwamba yai la kware linatibu kila kitu. Watu walitoa akiba, wengine wakachukua mikopo ya mshahara, wakajenga vizimba. Kila mwenye kware alikuwa akimuuzia kware mtu anayetaka kuanza kufuga kware; walaji wenyewe hawakuonekana. Ndani ya miezi michache bei ilianguka, na ndege wakaliwa na waliowafuga, kitoweo ghali kuliko vyote vilivyowahi kupikwa vijijini humo. Nakitaja kisa hiki kila mtu anaponiambia kwamba tatizo la wafanyakazi wa Kenya ni kuogopa kujaribu.

Wanaofanikiwa kuondoka, kwa jinsi ninavyowaona, hawana ujasiri unaowazidi wenzao. Wana mwenzi ambaye bado analipwa. Wana ardhi yenye hati isiyogombewa na ndugu. Wamemaliza mkopo, au wamewaachilia wadhamini wao mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, miaka mitatu kabla ya barua. Wengi wana umri wa miaka 50 au wanaukaribia. Vijana tunaowapigia kelele wasingoje ajira hawana hata kimoja kati ya hivyo, na ndio tunaowaambia wathubutu zaidi.

Mwembe uliopandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya kueleweka huja mwaka wa tano au wa sita. Mzinga mpya unaweza kukaa msimu mzima bila kundi kuingia. Sacco hukata kila mwezi, na shule hudai karo kila muhula. Kaunti zote mbili zimegawa miche na mbegu. Ningependa kuona bajeti inayojiuliza mchoma makaa aliyepewa mche atakula nini mwaka wa pili, na chombo cha mikopo kinachokubali kulipwa wakati mti unalipa. Mpaka hapo walimu wa Kathonzweni wana utaratibu wao: miche kumi au ishirini kila Oktoba mvua inapoanza, na Jumatatu darasani saa mbili kasoro.